Barua ya wazi kwa Afisa Lishe wa Halmashauri yetu: namba za watoto zirudi kijijini

Ndugu Afisa Lishe,

Kamwene, na pole na majukumu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimojawapo cha mkoa wetu wa Iringa. Unanifahamu kwa sura: ndiye yule anayebana magoti ya mtoto kwenye ubao wa kupimia urefu huku wewe ukisoma namba na mama akimbembeleza mtoto asirushe miguu. Haya ninayoandika nilikwisha kukuambia mara mbili nje ya zahanati, ukiwa umeshaingia kwenye gari. Leo nayasema mbele za watu.

Ule mradi wa lishe wa wafadhili ulipofungwa, idadi ya wanufaika ilisomwa jukwaani na watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Kisha nikaanza kuzihesabu kaya zetu kichwani, kitongoji baada ya kitongoji, nikagundua kwamba wanufaika wametuzidi sisi wakazi.

Siri yake naijua, maana karatasi nilizijaza kwa mkono wangu. Nina jirani mwenye mtoto mdogo. Alisaini siku ya mafunzo ya uji wa lishe, akasaini siku ya kugawiwa mbegu za mchicha, akasaini siku ya kuku. Siku ya nne alikuwa na mgonjwa, wifi yake akamsainia ili soda isipotee. Kwenye taarifa ya robo mwaka yule ni watu wanne. Nyumbani kwake ni mama mmoja, na mtoto wake wa miezi 14 bado alikuwa akinyweshwa uji wa sembe tupu, kwa sababu kuku walikufa kwa kideri kabla hawajataga na mchicha ulikauka Julai kwa kukosa maji. Hakuna aliyedanganya hapo. Fomu iliuliza wangapi wamehudhuria, nikajibu. Haikuwa na mstari wa kuuliza mtoto alikula nini jana.

Halafu kuna ule utepe wa mkononi. Mlitugawia, tukapima unene wa mkono wa kushoto wa kila mtoto, na karibu wote wakaangukia kijani, yaani sentimita 12.5 kwenda juu. Taarifa ikaandikwa kwamba hali ya lishe kijijini ni nzuri. Ndugu yangu, wewe umesomea jambo hili kuliko mimi: utepe ule unakamata ukondefu, na ukondefu nchini ni takribani asilimia 3 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano. Janga la Iringa ni udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulitukuta na asilimia 57 hivi, wakati wastani wa nchi ni 30. Mtoto wetu ana mkono mnene na kimo kifupi. Kumpima mkono ukasema amepona ni sawa na kumpima joto mtu aliyevunjika mguu.

Na majira pia. Mlikuja kuuliza maswali ya mwanzo Februari, wakati ghala limebaki vumbi na debe la mahindi halishikiki kwa bei. Mkarudi kuuliza maswali ya mwisho Julai, mahindi yamevunwa, maharage yapo, viazi vipo. Lazima majibu yapande! Yangepanda hata kama mradi usingeleta mbegu moja. Mngekwenda Julai hiyohiyo kijiji cha jirani ambacho hakikupata mradi, mngewakuta na wao wamenenepa.

Sasa nikukumbushe jambo lililoanzia mikononi mwetu. Mwaka 1983 serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha kutoka Italia, walianzisha mpango wa lishe hapa Iringa, enzi hizo mkoa ukiwa bado umebeba Njombe na Makete. Walianza na vijiji 168. Mama yangu alikuwa mmoja wa wapimaji. Mzani wa kuning'iniza ulifungwa kwenye tawi la mparachichi karibu na ofisi ya kijiji, nami nikapachikwa kwenye ile suruali ya kitambaa, miguu ikaelea, nikalia hadi nikapaliwa. Mama anasema nilikuwa mwepesi kuliko kuku wa mnadani, lakini mama huongeza chumvi.

Kilichofuata baada ya kilio ndicho ninachokitaka. Kila miezi mitatu, uzito ukishapimwa, hesabu ilifanyika palepale na watu wa palepale. Wangapi wamepungua, wako kitongoji gani, kwa nini. Halmashauri ya kijiji ililijadili kama inavyojadili mpaka wa shamba. Mama anakumbuka kikao kilichobaini kwamba watoto wanaopungua ni wale ambao mama zao wanashinda mashambani, wao wakiachiwa kaka wa miaka saba na sufuria ya ugali wa jana. Wakaamua kuanzisha mahali pa kuwalisha watoto mchana, kila kaya ikatoa mahindi na kuni. Hapakuwa na haja ya kumsubiri mgeni. Kupima, kuchambua, kuchukua hatua, kisha kupima tena: utaratibu huo ulitoka vijijini kwetu hadi kwenye mfumo wa lishe ambao UNICEF waliuchapisha mwaka 1990 na ambao dunia nzima inaufundisha. Sisi tulioutoa ndio leo hatuoni hata nakala ya namba zetu.

Sisemi zamani kulikuwa peponi. Mzani ule ulipima uzito tu, na bila shaka wafupi wengi walipita. Ila namba ilikuwa na mwenyewe.

Najua na wewe unapimwa. Tangu mikataba ya lishe isainiwe upya mwaka 2022, kadi alama ya kupima utekelezaji inakufuata kila robo, na ile shilingi 1,000 inayotengwa kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano unaulizwa wewe imekwenda wapi. Mfadhili naye ana tarehe zake. Kwa hiyo sikuombi uongeze fomu. Tuna fomu za kutosha kuwashia moto mwaka mzima.

Ninachoomba ni kwamba mradi ujao utuachie daftari la watoto badala ya orodha ya sahihi. Kila mtoto ukurasa wake, tarehe ya kuzaliwa ikinakiliwa kutoka kadi ya kliniki, si kwa kukisia, maana ukikosea umri kwa miezi minne tu, mtoto mzima anaandikwa amedumaa na aliyedumaa anaandikwa mzima. Tuulize jana alikula nini, tuhesabu makundi ya vyakula. Wataalamu wanasema mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate angalau 5 kati ya 8, ziwa la mama likiwemo. Wa kwetu akinyonya, akala ugali, maharage na majani ya maboga, ana manne. Kundi la tano linaning'inia nje, ni parachichi, nalo linasubiri lori la mnunuzi. Swali hilo moja lingetufundisha zaidi ya semina ya siku tatu.

Swali liulizwe mwezi uleule kila mwaka. Na tafadhali, msimwahidi mfadhili kwamba udumavu utashuka ndani ya miezi 18. Mtoto aliyekwisha kudumaa akiwa na miaka miwili hatarefuka kwa sababu taarifa inadaiwa. Ahadi ya namna hiyo ndiyo inayowafanya watu wazima waanze kupika namba badala ya uji.

La mwisho ni dogo kwa gharama. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo, na mkutano mkuu wa kijiji nao ni kila robo. Kabla faili halijapanda kwenda wilayani, matokeo yasomwe mkutanoni, bila majina ya watoto, kitongoji kwa kitongoji.

Wa kwetu utakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Takwimu zetu za mradi uliopita unazo wewe; njoo nazo, hata kama ni karatasi moja. Mimi nitakuja na daftari langu, tulinganishe. Gari likikwama kule kwenye kilima cha udongo mwekundu, piga simu kwa mwenyekiti, vijana watashuka kusukuma. Mparachichi ule bado upo, tutakaa kivulini.

Wako katika kazi,
Mhudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, Mkoa wa Iringa