Asilimia 16 ya nini? Hesabu ya migawo ya nguo

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe hesabu inayokosewa mara kwa mara. Mkataba wa Nguo na Mavazi, ulioanza kazi Januari 1995 chini ya Shirika la Biashara Duniani, hutajwa kana kwamba uliongeza migawo ya uagizaji (yaani vikomo vya kiasi cha bidhaa zinazoruhusiwa kuingia nchini) kwa asilimia 16, kisha 25, kisha 27. Sivyo. Kilichoongezwa ni kasi ya mgawo kukua, si mgawo wenyewe.

Chukua mgawo wa mashati dazeni 1,000,000 uliokuwa ukikua asilimia 6 kwa mwaka. Sita mara 1.16 ni 6.96, hiyo ndiyo nyongeza ya kila mwaka kuanzia 1995 hadi 1997. Mwaka 1998 inazidishwa 1.25 na kupanda hadi 8.7, na 2002 inazidishwa 1.27 na kufika 11.05 hivi. Ukifunga hesabu ya 2004 una dazeni kama 2,340,000. Sasa mtazame muuzaji mwenye mgawo kama huo aliyepewa ukuaji wa asilimia 1 tu. Yeye anakwenda 1.16, 1.45, 1.84, na baada ya miaka ileile kumi ana dazeni kama 1,158,000. Kanuni ni moja, lakini aliyebanwa mwanzo alibaki amebanwa.

Ratiba ya kufuta migawo nayo ilikuwa na mlango wa nyuma. Mwagizaji alijichagulia bidhaa za kuachia, yaani kuzitoa kwenye migawo: asilimia 16 ya uagizaji wake wa 1990 kwanza, 17 mwaka 1998, 18 mwaka 2002. Wengi waliachia vitu ambavyo hata havikuwa na mgawo (ujanja, ila halali), na asilimia 49 zilizobaki, zikiwemo nguo zenye ushindani mkali, zikangoja Januari 1, 2005.

Ndiyo maana mwaka huo mlango ulifunguka kwa kishindo. Kufikia Juni, Umoja wa Ulaya ulikuwa umewekeana na China vikomo vipya kwa aina 10 za bidhaa, vya kukua kati ya asilimia 8 na 12.5 kwa mwaka. Wanunuzi walikuwa wameshaagiza. Vikomo vya sweta na suruali vikajaa upesi, na mamilioni ya nguo yakakwama bandarini. Septemba wakaafikiana: nusu ya mzigo iachiwe bila kuhesabiwa kwenye mgawo, nusu ikatwe kwenye migawo ya China yenyewe, ikiwemo ya 2006. Kukopa mgawo wa kesho kulikuwa desturi ya zamani ya biashara hii, ila aliyekopa alianza Januari na pengo, na kiwanda kilichopangiwa oda za mwaka mzima kililijua pengo hilo mapema.