Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Msimu wa 2024/2025

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninayo heshima kuwasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wapenzi wa soka tunaozungumza Kiswahili hapa Bucharest, kwa kipindi cha kuanzia Julai 2024 hadi Juni 2025. Taarifa hii ilikuwa isomwe katika mkutano mkuu mwanzoni mwa mwezi huu, lakini akidi haikutimia, na baada ya kusubiri kwa saa nzima, huku mwenye ukumbi akituuliza kama bado tunahitaji viti vyote vile, kamati ikaona ni vema itumwe kwa maandishi kwa kila mwanachama, wakiwamo wale ambao sura zao tumeanza kuzisahau.

Shughuli za kawaida zilifanyika kama mnavyozijua. Tulikutana kuangalia mechi, tuliwapokea wanafunzi wapya mwanzoni mwa mwaka wa masomo, tulichangia msiba mmoja na harusi moja, na bonanza letu la kiangazi lilichezwa. Sitawachosha kwa kuyarudia.

Kuhusu ligi kuu ya hapa Romania, wengi mnajua kilichotokea. Timu 16 zilicheza raundi 30, kisha sita za juu zikakatiwa pointi zao nusu na kuingia katika mchujo wa ubingwa, utaratibu ambao baadhi yenu bado mnauita dhuluma na ambao mimi naamini ndio unaoifanya ligi hii isiishe mwezi wa Machi. FCSB, klabu ya hapa Bucharest ambayo zamani iliitwa Steaua, walianza kwa kusuasua, wakiwa na mechi za Ulaya kila wiki na nguvu zao zikigawanyika, lakini kocha Elias Charalambous hakutikisika, Daniel Bîrligea aliletwa kutoka CFR Cluj, nahodha Darius Olaru akaendelea kuibeba timu, na ilipofika Mei walikuwa mabingwa kwa mara ya pili mfululizo, ubingwa ambao wenyewe wanauhesabu kuwa wa 28. CFR Cluj walishika nafasi ya pili, na Universitatea Craiova ya tatu. Louis Munteanu wa CFR alimaliza akiwa mfungaji bora kwa mabao 23, na timu yake ikajifariji kwa Kombe la Romania baada ya kuifunga Hermannstadt 3–2 katika fainali. Ndugu zetu wa Cluj walinipigia simu usiku ule, na niliwapongeza kwa moyo mweupe.

Barani Ulaya, Corvinul Hunedoara, ambao walitwaa Kombe la Romania mwaka 2024 wakiwa timu ya ligi ya pili, waliishia katika hatua za awali. Craiova walitolewa na Maribor. CFR walifika hadi hatua ya mwisho ya kufuzu Ligi ya Konferensi, wakaifunga Pafos 1–0 nyumbani, kisha wakafungwa 3–0 huko Kupro. Waliobaki ni FCSB peke yao, na hapo ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo limesemwa sana katika kundi letu la simu, mara nyingi na watu ambao hawakuwapo, kwa hiyo naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu.

Mwezi wa Oktoba 2024 kamati iliamua mambo mawili. La kwanza ni kwamba fungu la tiketi la chama, ambalo kwa miaka kadhaa lilikuwa likigawanywa kati ya safari za mtaa wa Ghencea kuiangalia Steaua ya jeshi, klabu iliyo mbali na FCSB, katika Ligi II (daraja la pili) na mechi za FCSB, lielekezwe lote kwenye mechi za FCSB za Ulaya. La pili ni kwamba bango letu la zamani lenye nembo ya nyota, alama ya Steaua, lisibebwe tena kwa jina la chama katika uwanja wowote. Kura zilikuwa tatu kwa mbili. Imesemwa kwamba mwenyekiti hakupaswa kupiga kura, lakini katiba haimkatazi, na aliyeiandaa katiba hiyo ni mimi.

Ninaheshimu hoja za waliopinga, hasa wazee wetu waliokuja nchi hii wakiwa wanafunzi katika miaka ya themanini. Wao waliiona Steaua ile. Wanakumbuka usiku wa fainali ya Kombe la Ulaya, tarehe 7 Mei 1986 jijini Sevilla, Barcelona na Steaua wakitoka 0–0, na kipa Helmuth Duckadam akizipangua penalti zote nne za Barcelona, huku Lăcătuș na Balint wakifunga zao. Hoja yao ni kwamba klabu ile iliundwa na jeshi mwaka 1947, kwamba Mahakama Kuu ya Romania mwaka 2014 iliwapa jeshi haki juu ya jina na nembo, kwamba FCSB walilazimika kuliacha jina la Steaua mwaka 2017, na kwamba mwaka huohuo jeshi lilianza upya kutoka Ligi IV, daraja la nne, na mashabiki wakalifuata. Wanapenda kunikumbusha mechi ya ligi hiyo ya nne iliyochezwa Arena Națională mwaka 2018, dhidi ya Academia Rapid, ikahudhuriwa na watu zaidi ya 36,000. Hilo ni kweli. Nilikuwapo, na tiketi nilijilipia.

Lakini chama chetu si mahakama. UEFA hadi leo inaihesabu FCSB kuwa ndiyo mwenye Kombe la Ulaya la 1986, jeshi linapinga, na mawakili wa pande zote mbili wanaendelea kula kwa jasho lao. Sisi tuna mfuko mdogo na tuliulizwa swali dogo, yaani fedha hizi zitawapeleka wanachama kuangalia nini. Steaua ya Ghencea ina uwanja mzuri wa viti zaidi ya 31,000 uliofunguliwa mwaka 2021, ina mashabiki wanaoimba kuliko wowote mjini, lakini ni klabu ya taasisi ya umma, na kwa kanuni zilivyokuwa msimu huu wa 2024/2025 hata ingeshinda mechi zote isingeruhusiwa kupanda Ligi Kuu. Sikuona, na bado sioni, sababu ya kutumia ada za wanachama kuifuata timu ambayo msimu wake umefungwa mlango kabla haujaanza, ilhali upande wa pili wa mji huohuo kuna timu inayocheza na Olympiacos, Lyon na Manchester United.

Imesemwa pia kwamba uamuzi huo ulipaswa kupelekwa kwa mkutano mkuu. Ulipelekwa. Mkutano uliitishwa Septemba kwa tangazo la wiki tatu, wakaja watu tisa, wawili kati yao wakiwa wageni wa mwanachama mmoja. Siwezi kuwaomba ridhaa watu ambao hawapo ukumbini.

Ni kweli kwamba wiki ileile tuliyotoa uamuzi, FCSB walifungwa 4–0 na Rangers huko Glasgow, na simu yangu haikupumzika usiku kucha. Niliombwa hata nijiuzulu, na ndugu ambaye baadaye aliomba tiketi mbili. Ningependa waliofurahia matokeo yale wayatazame ya mechi nyingine za Ligi ya Europa. FCSB walikuwa wamekwisha kuifunga RFS ya Latvia 4–1 na kuishinda PAOK 1–0 kule Thessaloniki. Baada ya Rangers wakaifunga Midtjylland 2–0, wakatoka 0–0 na Olympiacos hapa Bucharest na 0–0 na Hoffenheim ugenini, kisha Januari wakaishinda Qarabağ 3–2 kulekule Azerbaijan. Walimaliza na pointi 14 katika nafasi ya 11 kati ya timu 36. Katika mtoano wakakutana tena na PAOK, wakashinda 2–1 ugenini na 2–0 nyumbani, na hapo ndipo walipofika Lyon. Katika mechi ya Bucharest matokeo yalikuwa 1–1 hadi dakika za mwisho, kabla ya mabao mawili ya Malick Fofana kutumaliza, na yale 4–0 ya marudiano nisingependa kuyajadili. Kwa klabu ya Romania kuingia 16 bora ya Ligi ya Europa si jambo la kila mwaka, na wanachama waliokuwa jukwaani waliliona kwa fedha za mfuko huu, kwa uamuzi huu unaolaumiwa.

Katikati ya mambo hayo, tarehe 2 Desemba 2024, Duckadam alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 65. Tulisimama kimya kwa dakika moja katika ukumbi wetu, na nasikitika kusema kwamba hata dakika hiyo ilileta mabishano, kwa sababu kuna aliyetaka bango la nyota litundikwe nyuma yetu wakati tukisimama. Nilikataa, na nitaeleza kwa nini. Marehemu aliidakia timu ya jeshi mwaka 1986, muda mfupi baadaye maradhi ya mkono yakamwondoa katika soka la juu, na zaidi ya miaka ishirini baadaye alikuwa rais wa heshima wa klabu ambayo leo inaitwa FCSB. Kama yeye mwenyewe aliweza kuwa na historia katika pande zote mbili, sioni ni nani kati yetu mwenye mamlaka ya kumfunika kwa bendera ya upande mmoja. Msiba wake uliombolezwa na kila mpenzi wa soka katika mji huu, wa Ghencea na wasio wa Ghencea.

Sasa nije kwenye usiku wa tarehe 30 Januari 2025, ambao najua wengine wameusubiri tangu aya ya kwanza. Kamati iliweka sharti kwamba tiketi za mechi ya Manchester United zitapewa wanachama waliokamilisha ada ya mwaka hadi tarehe 31 Desemba. Sharti hilo lilitangazwa mara tatu. Hadi tarehe hiyo, kati ya wanachama 46 waliomo katika daftari, waliokuwa wamelipa ni 19. Wiki moja kabla ya mechi, ghafla chama kikawa na wanachama wengi kuliko wakati wowote katika historia yake. Watu ambao hawakuja wakati wa Midtjylland, wala RFS, wala usiku ule wa baridi kali wa Olympiacos, walinitafuta nyumbani, kazini na hata kwa mke wangu. Nilikataa wote. Nimeitwa mbaguzi na mnyanyasaji, na kuna ndugu mmoja ambaye hadi leo tukikutana sokoni anavuka barabara. Naomba izingatiwe kwamba tiketi zilikuwa 20, kwamba ile ya ishirini ilikwenda kwa mhazini wetu mpya kwa kazi aliyoifanya, na kwamba ya mwenyekiti imo ndani ya zile 19 kama ya mwanachama mwingine yeyote.

Ni lazima niseme pia kwamba katika jukwaa la wenyeji, lililokuwa limejaa fulana nyekundu na buluu, wanachama wetu wanne walivua makoti na kuonekana wamevaa jezi za Manchester United. Mlinzi wa jukwaa alikuja mara mbili. Mmoja alilazimika kuigeuza jezi yake ndani nje, na akakaa hivyo dakika zote tisini, namba ya mgongoni ikisomeka kinyumenyume. Dalot na Mainoo walipofunga katika kipindi cha pili, ndugu huyo alisimama akashangilia, na ni mimi niliyewaelewesha majirani zetu, kwa Kiromania changu, kwamba sisi ni mashabiki wa FCSB. Kamati imeandika kanuni kuhusu mavazi na itaisambaza.

Kwa upande wa fedha, ada, michango na mauzo ya fulana kwa pamoja viliingiza lei 11,400, na tiketi, ukumbi, usafiri na mambo ya kijamii vilitumia lei 10,950. Hesabu kamili ziko kwa mhazini na zinaweza kuonwa na mwanachama yeyote aliyelipa. Madeni ya ada ya miaka miwili iliyopita yanazidi kiasi tulichonacho benki. Wanachama saba waliotangaza kujitoa kwa sababu ya uamuzi wa Oktoba hawakuwa wamelipa ada ya msimu uliotangulia, kwa hiyo kikatiba sina hakika walikuwa wakijitoa katika nini.

Mahudhurio katika vikao vya kawaida yalishuka hadi wastani wa watu kumi, na mara mbili nilikaa na katibu peke yetu, tukafungua kikao na kukifunga.

Kuhusu msimu ujao, FCSB wataanza Julai na Inter Club d'Escaldes ya Andorra katika kufuzu Ligi ya Mabingwa, na CFR Cluj watacheza na Paks ya Hungaria katika Ligi ya Europa. Ni matumaini ya kamati kwamba tutapata mahali pazuri zaidi pa kukutania, kwamba vijana watajitokeza kugombea nafasi, na kwamba ikiwezekana tutafanya safari moja ya ugenini, jambo ambalo litategemea hali ya mfuko na droo. Wapo wanaopendekeza tuandae pia safari moja ya Ghencea kwa ajili ya wazee. Sipingi, mradi kila mmoja ajilipie.

Uamuzi wa Oktoba unabaki kama ulivyo hadi mkutano mkuu wenye akidi utakapoubatilisha. Ada ya mwaka mpya ipokewe na mhazini kabla ya tarehe 31 Julai. Na ndugu aliyelichukua bango la nyota kutoka stoo ya chama baada ya kikao cha Desemba anaombwa alirudishe. Kamati imezuia kulibeba kwa jina la chama, lakini bado ni mali ya wanachama wote.

Wenu katika soka,
Mwenyekiti
Bucharest, Juni 2025