Mwanangu, usiondoke na mkanda huo

Buguruni, Dar es Salaam
Jumanne usiku

Mwanangu mpendwa,

Marahaba ya shikamoo yako ya jana. Ile picha ya risiti ya Forester yako nimeikuza mpaka nikaisoma yote, na ndiyo maana nimekaa kukuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu ukishasema "Mama, hilo limeshaisha," mimi hunyamaza. Safari hii sinyamazi, kwa sababu halijaisha, na wiki ijayo unahamia Mbeya na gari hilo.

Risiti inasema mikanda miwili na ufundi, jumla 45,000. Huo si mkanda wa taimingi, mwanangu. Hiyo ni mikanda ya nje, ile inayoonekana ukifungua tu boneti: mmoja unazungusha jenereta na pampu ya stelingi, wa pili kompresa ya AC. Fundi hakukudanganya. Ulimwambia abadilishe mikanda, akabadilisha mikanda. Wa taimingi uko ndani, nyuma ya vifuniko vya plastiki, nao ndio unaounganisha krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, zile zinazofungua valvu, ili vyote viende kwa mpangilio. Kuufikia lazima feni za rejeta zitoke, puli ya krenki ifunguliwe, vifuniko vitolewe, kisha alama zipangwe moja moja. Hakuna anayeimaliza kazi hiyo wakati mteja yuko kwenye benchi anakunywa soda.

Kwa hiyo swali langu liko palepale lilipokuwa wiki iliyopita: mkanda wa taimingi umebadilishwa lini?

Najua unafikiria Noah ya baba yako. Siku yenyewe unaikumbuka kuliko mimi, sina haja ya kuisimulia. Lakini usiitumie kama kipimo. Mkanda ulikatika, tukafunga mwingine, gari likawaka na kuendelea na kazi, na wewe umekua ukijua kwamba mkanda ukikatika ni gharama ya mkanda tu. Ile ilikuwa injini ya 3S. Kwenye 3S valvu ikibaki wazi na pistoni ikapanda, hazigusani, nafasi ipo. EJ20, injini ya Forester yako, haina nafasi hiyo. Mkanda ukikatika, kamshafti zinasimama hapohapo zilipo, krenki bado inazunguka, pistoni inapanda na kuikuta valvu iko njiani. Valvu zinapinda. Na injini ya Subaru imelala, ina silinda hedi kushoto na nyingine kulia, huku mkanda ni mmoja mrefu unaozipitia zote. Huo mmoja ukienda, unaharibu pande mbili. Nimeona watu wakiacha kutengeneza na kutafuta injini nyingine ya mtumba, na hiyo ni milioni kadhaa, na bado hujui injini ya mtumba nayo ina mkanda wa umri gani.

Unaniambia dashibodi inasoma kilometa 68,000, na Wajapani huhesabu 100,000. Sawa. Lakini gari lako ni la mwaka 2006. Wanaohesabu kilometa huhesabu na miaka pia, na miaka 10 ni mingi kwa mkanda wa mpira. Mpira unazeeka hata gari likiwa limepaki. Joto la injini linaukausha, unapasuka nyufa ndogondogo kwenye mizizi ya meno. Sili ya kamshafti ikivuja, oili inaulainisha mpaka meno yanachomoka. Na hizo 68,000 nani kakuthibitishia? Nimeuza spea Gerezani tangu hujaanza shule, nimeona gari linasoma 70,000 na mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma kinaonekana.

Siku ulipolileta nyumbani, ninyi mkiwa ndani mnakula, nilifungua boneti nikatafuta stika. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda wa taimingi huwa wanabandika stika humo ndani, tarehe na kilometa. Niliikuta ya oili. Ya mkanda sikuiona. Sikusema siku ile, maana wageni walikuwepo na wewe ulikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni kwako muda mrefu. Basi nasema leo. Kukosekana kwa stika hakumaanishi kwamba haukubadilishwa, lakini hakuna karatasi hata moja inayosema ulibadilishwa, na kwa mkanda huu kisicho na karatasi huhesabiwa hakijafanyika.

Mwenzako wa ofisini amekwambia magari ya kisasa hayana tena mambo ya mikanda. Si kweli, na ningependa umweleze na yeye, maana nasikia anataka kununua. Ni kweli Toyota ndogo nyingi za siku hizi, IST, Vitz na nyingine zenye 1NZ, zina cheni. Ni kweli Subaru nao walihamia kwenye cheni walipoleta injini za FB, lakini lako ni la kabla ya hapo. Prado za dizeli za 1KD bado ni mkanda. Na kuna waliokwenda mbali zaidi wakauweka mkanda ndani ya oili, unazunguka umelowa. Ford walifanya hivyo kwenye injini yao ya silinda tatu ya lita 1.0, EcoBoost, na Peugeot na Citroën kwenye PureTech ya lita 1.2. Walitaka injini iwe kimya na itumie mafuta kidogo. Kilichotokea ni kwamba oili ikichafuka, au ikiwekwa isiyo yake, mkanda unamomonyoka. Unga wake unaingia kwenye chujio la pampu ya oili, presha inashuka, na injini inaumia hata kabla mkanda wenyewe haujakatika. Kule Ulaya kampuni ilibidi irefushe dhamana ya PureTech hadi miaka 10 au kilometa 175,000. Sisi tunaonunua mtumba huku dhamana hiyo hatutaiona. Kwa hiyo upya wa gari si jibu. Jibu ni kuijua injini uliyonayo na kuitimizia inachodai.

Cheni nayo si ya milele. Oili ikicheleweshwa inalegea, lakini angalau asubuhi ukiwasha unaisikia inagonga, na unapata muda wa kujipanga. Mkanda hausemi. Unatoka nyumbani gari linaunguruma vizuri, na kilometa mia mbili baadaye limezima, bila taa wala mlio. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ningekuwa nimeulizwa kabla hujalipa, ningekwambia chukua la cheni. Ila mimi ndiye niliyekazania uchukue gari la juu kwa ajili ya barabara za huko unakokwenda, kwa hiyo hapo sisemi zaidi.

Nitasema hili, ukasirike usikasirike: umeweka rimu mpya, umeweka redio ya kioo kikubwa, na viti umevivisha ngozi. Hela ya rimu peke yake ingebadilisha mkanda na vyote vinavyoambatana nao.

Fikiria mlima wa Kitonga. Umeshapita Mikumi, umenunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, jua kali, AC imefunguliwa, gari limebeba mizigo yote ya kuhamia, unaanza kupanda. Mbele yako kuna lori linatambaa, nyuma yako basi. Unatoka kulipita lori, mguu umekandamiza, na hapo ndipo injini inapobeba mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari. Ikizima hapo, stelingi inakuwa nzito kwa sababu pampu yake haizunguki tena. Breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache, kisha pedali inakuwa ngumu. Uko upande usio wako, kwenye kona, na mjukuu wangu yuko kiti cha nyuma. Wewe ni dereva mzuri, unaendesha kwa utulivu kuliko kaka zako wote wawili na nimewaambia hivyo mbele yao. Lakini utulivu wa dereva haurudishi injini iliyokatika mkanda.

Sasa sikiliza nilichokwishafanya. Nimekutengea mkanda, tenshena ya kuukaza, rola zote unazopitia, wota pampu na sili za mbele. Usije ukamwambia mtu yeyote kwamba unataka mkanda peke yake. Wota pampu ya injini yako inazungushwa na mkanda huohuo. Beringi yake ikikwama, mkanda mpya unachanika vilevile. Rola nazo hivyohivyo. Fundi anaweza kukushauri kwa nia njema kwamba pampu bado nzima, tuiache. Usikubali. Kuifikia ni kazi ileile, ufundi uleule, hutaki kulipa mara mbili.

Mkanda nimeuchukua kwa mtu ninayemwamini, nimekagua namba zake mgongoni na maandishi hayafutiki kwa kidole. Sokoni kuna maboksi yanayofanana kabisa na ya kiwandani, ndani kitu kingine. Ukiambiwa na yeyote kwamba anaupata kwa nusu bei, niambie kwanza.

Fundi ni yule wa Ilala anayeshughulika na Subaru tu, si wa jirani yenu. Akishafunga, simama pale uone kwa macho yako: kabla ya kuwasha, azungushe krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, kisha alama za puli zirudi mahali pake. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja, ndiyo maana iwe miwili. Jino moja likikaa pembeni, injini itatetemeka na haitavuta, na huko Kitonga utajua. Usione haya kumwomba. Fundi mzuri hakasiriki, na huyu nimeshamwambia kwamba utaomba. Kisha aandike tarehe na kilometa kwenye kifuniko, kwa kalamu ya wino mzito.

Mengine ya nyumbani. Mpangaji wa chumba cha uani amelipa miezi mitatu, nashukuru Mungu, nimeongezea kwenye paa la jikoni. Maji yametoka Jumapili, simtanki limejaa. Friji lako usiliuze. Mdogo wako analitaka na atakulipa kidogo kidogo, na kama hatakulipa mimi nitakulipa. Kuna mablanketi mawili mazito kwenye sanduku la chuma, yachukue yote mawili. Mbeya mwezi wa sita na wa saba si Dar, na mtoto amezaliwa kwenye joto la huku. Mnunulie soksi nyingi na sweta la kuvaa ndani. Dada unayekwenda naye muulize kama ana nguo za baridi, asije akaona haya kusema. Pazia za nyumba mpya usinunue kabla hujapima madirisha.

Majirani wote wameshajua kwamba umekuwa meneja wa tawi. Nimewaambia mimi. Mama wa duka la kanga alinikumbatia mpaka nikatokwa machozi mbele za watu. Baba yako angekuwepo angekaa barazani wiki nzima akingoja kila apitaye amwambie. Najua huko utakuwa peke yako mwanzoni, na najua huwa hulalamiki, hata pale unapotakiwa kulalamika. Ukizidiwa na kazi, piga simu hata saa sita usiku.

Lakini kuhusu mkanda usiniambie "nitafanya nikifika Mbeya." Mafundi wazuri wako na huko, sikatai. Ila ni kilometa zaidi ya 800 kabla hujawafikia, na hizo ndizo ninazoziogopa. Kama huna hela wiki hii, spea ni zangu, ufundi nitautanguliza, utanirudishia ukipata mshahara wa kwanza wa huko. Kama huna muda, mdogo wako atakuja Goba kulichukua gari Ijumaa jioni, utapanda daladala siku moja. Sioni sababu nyingine inayobaki.

Fundi anakungoja Jumamosi saa mbili asubuhi. Njoo na kadi ya gari, maana nataka tulinganishe namba ya chesisi na mkanda nilioutenga kabla hajafungua hata boliti moja. Itachukua karibu siku nzima, kwa hiyo mtoto mlete kwangu. Jumapili usilale, liendeshe mpaka Kisarawe na kurudi, umrudishe bibi yako kwake na mihogo aliyoileta iliyobaki, na mkifika fungua boneti uangalie kama kuna sehemu inavuja maji au oili. Ukirudi salama bila tatizo, Jumatano ondokeni alfajiri, na mkichoka mlale Iringa.

Nijibu leo kabla hujalala, uniambie Jumamosi unakuja au nimtume mdogo wako.

Mama yako