Mwanangu, kabla hujajiita

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Sengerema. Sisi ni wazima, na mahindi yamefika magotini.

Tangu uondoke baada ya Krismasi, neno lako moja limenikaa kifuani. Ulisema mbele ya shangazi zako kwamba hosteli nzima pale chuoni Malimbe mmejigawa, huyu mrengo wa kushoto, yule wa kulia, na kwamba wewe umekwenda kulia kwa sababu Mkatoliki hawezi kuwa mjamaa. Ukamtaja Papa Pius XI. Sikukujibu siku ile kwa kuwa sikutaka kukujibu kwa hasira.

Ulichosoma kipo. Katika waraka wa Quadragesimo Anno, mwaka 1931, aliandika kwamba mtu hawezi kuwa Mkatoliki mwema na papo hapo akawa mjamaa wa kweli. Lakini waraka huo ulitolewa kuadhimisha miaka 40 ya Rerum Novarum, waraka ambamo Papa Leo XIII alitetea mali ya mtu binafsi, na humohumo akatetea mshahara wa kumtosha mfanyakazi na haki yake ya kuunda chama. Papa huyo utamkalisha mrengo gani? Kushoto na kulia vilikuwa viti vya bunge la Wafaransa mwaka 1789. Sisi tumevikuta vimeshapangwa.

Na hapa kwetu neno mjamaa lina ukoo wake. Mwalimu Nyerere, mtu wa misa na rozari, aliandika kijitabu chake mwaka 1962 akikataa ubepari, akakataa pia usoshalisti unaojengwa juu ya uhasama wa mtu na mtu. Leo Kanisa lenyewe linamwita Mtumishi wa Mungu, hatua ya mwanzo ya kuelekea kutangazwa mtakatifu. Rafiki zako wanaokusomea Pius XI wakusomee na hilo.

Usidhani natetea kila kilichofanywa kwa jina hilo. Mwaka 1974 lilikuja lori. Nyumba ya babu yako iliezuliwa mabati mchana kweupe, bibi yako akiwa na mtoto mgongoni, wakashushwa porini wakaambiwa hapa ndipo kijiji. Miembe yake ipo mahameni mpaka leo. Nilikuwa mdogo, lakini sauti ya yale mabati ninayo.

Sasa hiki ndicho sijawahi kukueleza. Babu yako, katekista, alikufa akijiita mjamaa. Nilimuuliza nikiwa kidato cha nne, nikiwa na uchungu: baba, hata baada ya yale? Akasema waliomvunjia nyumba walikosa, na hawezi kulikabidhi kosa lao jina lake. Walipogawa viwanja alikuwa balozi wa nyumba kumi, na kiwanja kizuri cha kando ya barabara kilikuwa mkononi mwake. Alimpa mjane asiye ndugu yetu. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Yeye hakuwa kiongozi mkubwa, hakuna aliyemkataza kitu, lakini alijikataza mwenyewe.

Kwa hiyo ninachokuuliza si kama uko kushoto au kulia. Hilo jina ulilochukua linakukataza nini? Likiwa halikukatazi kitu, umevaa jezi tu. Majina yenyewe hayakupi hata chama: katiba ya CCM bado inataja Ujamaa na Kujitegemea, ingawa katika kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991 masharti yale ya Arusha kwa viongozi yalilegezwa; ACT-Wazalendo nao mwaka 2015 walitoa Azimio la Tabora wakijiita wajamaa wa kidemokrasia. Wote hao huwakuti kanisani Jumapili moja?

Kuwa wa kulia ukitaka, mwanangu. Mzee Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 kwa kutofautiana na Mwalimu juu ya uchumi, na mwaka 1992 akawa mwanzilishi wa CHADEMA. Huyo jina lake lilimgharimu wizara. Namheshimu kwa hilo.

Pasaka uje. Ukishavuka daraja la Busisi nipigie, nitakungoja stendi, twende moja kwa moja mahameni kabla ya kufika nyumbani. Nataka uione ile miembe, na nikuonyeshe mlango ulipokuwa.

Mama yako