Msituondolee ukungu kwenye magemu ya zamani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu hoja ninayoisikia kwa wazazi, kwa walimu na hata kwa vijana wenyewe, kwamba magemu ya zamani yanayotengenezwa upya ni ujanja wa kumuuzia mtu mzima utoto wake kwa mara ya pili. Siikatai hoja hiyo yote, kwa sababu biashara ni biashara na hamu ya mambo ya kale ina bei yake sokoni. Ninachosema ni kwamba imelenga pembeni, na kwamba anayeishikilia hajakaa vya kutosha mbele ya magemu yenyewe akaona ni wapi hasa mteja anapunjwa.

Nina haki kidogo ya kulisemea jambo hili. Kati ya 2006 na 2012 nilikuwa na kibanda cha gemu Ngamiani, hapa Tanga: PlayStation 2 mbili, baadaye tatu, televisheni za chogo nilizozinunua kwa mafundi, mabenchi mawili na daftari la kuandikia zamu. Wengi walifuata mpira, yaani Winning Eleven, na mpira ndio ulionilipia pango. Lakini kila jioni palikuwa na kundi dogo la vijana lililoingojea mashine ya pembeni kwa ajili ya Grand Theft Auto: San Andreas, gemu lililotoka Oktoba 2004, nalo lililicheza kwa namna ambayo sidhani kama waliolitengeneza waliitarajia. Sikuwa na memori kadi za kuwatosha, kwa hiyo hakuna aliyehifadhi alikofikia. Kila aliyelipia nusu saa aliianza upya hadithi ya CJ, mhusika mkuu wa gemu hilo, akabonyeza mfuatano wa siri wa vitufe vya pedi unaoanza na R1, R2, L1 kutoka kwenye kikaratasi alichochana katika daftari la hesabu, akajipatia silaha na fedha, kisha akaupa mji kisogo na kuelekea porini kutafuta jitu.

Uvumi wa jitu hilo haukuwa wa Tanga peke yake. Wachezaji wa nchi nyingi waliamini kwamba katika misitu ya karibu na Mlima Chiliad, mlima wa ndani ya gemu, yuko kiumbe mwenye manyoya mwili mzima, anayetembea kwa miguu miwili na kutoweka ukimsogelea. Watengenezaji wenyewe walikana. Vijana wangu, waliokuzwa kwa habari za Popobawa, hawakuona kwamba kukana kunathibitisha lolote. Na kilichoulinda uvumi ule miaka yote, Mhariri, kilikuwa ukungu.

PlayStation 2 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32, kiasi ambacho leo hujazwa na picha chache za simu. Jimbo la gemu hilo, lenye miji mitatu, jangwa, misitu na barabara kuu, halikuweza kuenea humo lote kwa pamoja. Kwa hiyo mashine ilichora yaliyo karibu na mchezaji tu, ikayachota mengine kutoka kwenye diski kadiri alivyosogea, na ya mbali ikayafunika kwa utusitusi ili mtu asiyaone majengo yakichipuka ghafla mbele yake. Juu ya Los Santos, mmoja wa miji hiyo, utusitusi huo ulikuwa wa rangi ya machungwa iliyochafuka, mfano wa moshi wa Los Angeles, mji ambao Los Santos umeuiga. Fundi alikuwa anaficha upungufu wa mashine, sisi tukadhani anatuonyesha ukubwa wa dunia. Kutoka Los Santos hadi San Fierro, mji wa pili, ilikuwa safari kwelikweli, na nimewaona watu wakimalizia nusu saa yao njiani bila kunung'unika.

Novemba 2021 gemu hilo lilirudi, pamoja na Grand Theft Auto III na Vice City, katika mkusanyo ulioitwa Grand Theft Auto: The Trilogy. Kwa kuwa mashine za sasa zinaweza kuonyesha mbali, waliolirudia walionyesha mbali. Mchezaji aliyepanda angani aliweza kuukamata mji huu na ule kwa jicho moja, na jimbo lililokuwa nchi nzima likaonekana dogo kama kiwanja cha shule. Jitu halikuwa tena na pa kujificha. Kulikuwa na makosa mengine mengi, ya mvua iliyomziba mchezaji macho na ya sura za watu zilizoharibika, ambayo yameshasemwa vya kutosha. Liko moja dogo tu ninalotaka kulitaja, kwa sababu halihitaji utaalamu. Mjini palikuwa na duka la donati ambalo alama yake ilikuwa nati kubwa ya chuma, nati ya pembe sita inayofunguliwa kwa spana, maana mwenye kulichora aliyachezea maneno hayo mawili, ambayo kwa bahati yanachezeka hata kwa Kiswahili. Picha zilipong'arishwa, pembe zile zililainishwa, nati ikatoka duara, na mzaha ukafia hapo. Aliyefanya kazi hiyo, awe mtu au programu, aliona kona zenye makali akadhani ni uchafu wa zamani.

Kutengeneza gemu upya, kwa jinsi ninavyoelewa, ni kuamua kasoro ipi ni kasoro na ipi ndiyo gemu lenyewe. Wanaolijua gemu la kutisha la Silent Hill watanielewa upesi. Lilipotolewa na kampuni ya Konami mwaka 1999 kwenye PlayStation ya kwanza, ukungu mzito ulioufunika mji wake ulikuwa hila hiyohiyo ya kuficha mashine isiyoweza kuchora mbali, lakini ukageuka kuwa hofu yenyewe: unakisikia kitu, hukioni. Silent Hill 2 ya mwaka 2001 ilikuwa ya PlayStation 2, yenye nguvu zaidi, na bado ikaubakiza. Mwaka 2012 likaja toleo lililong'arishwa, na ukungu ukatoka mwepesi kiasi kwamba mchezaji anayepiga makasia ziwani aliona maji yanapokomea, kama zulia lisilofika ukutani. Sababu iliyoelezwa baadaye inasikitisha kuliko kosa lenyewe. Waliokabidhiwa kazi hawakupewa chanzo cha programu, yaani maandishi ya kompyuta yanayoliunda gemu, cha gemu lililokamilika, kwa kuwa hakikuhifadhiwa. Walipewa cha kabla ya kukamilika, ikawabidi wapambane na makosa ambayo wenzao walikwisha kuyasahihisha miaka kumi nyuma.

Kisha Oktoba 2024 kampuni ya Bloober Team ya Poland ikatoa Silent Hill 2 iliyosukwa upya tangu msingi, sura, sauti, mapigano na yote, na ukungu ukiwa mahali pake, mzito, kwenye mashine ambazo zingeweza bila taabu kukuonyesha mtaa hadi mwisho. Ukungu huo sasa hauna upungufu wowote unaouficha. Umewekwa kwa kutaka, kama mtu anayejenga nyumba mpya Mji Mkongwe akaweka baraza nje ingawa sebule anayo.

Wala sidai kwamba kila kitu kibaki kilivyokuwa. Fundi wa umeme anajua kwamba kuipiga mota rangi na kuisuka upya ni kazi mbili, na kwamba hutozi bei ya kusuka kwa kazi ya kupaka rangi, jambo ambalo baadhi ya wauza magemu wamelisahau. Resident Evil 2 ya 1998, gemu jingine la kutisha, ilikuonyesha kila chumba kutoka pembe zilizopangwa, zisizosogea. Ile ya 2019 ililiweka jicho nyuma ya bega la mhusika, ikabadili namna nzima ya kuogopa. Kwa hesabu za Capcom wenyewe, kampuni inayolitoa, toleo la PlayStation la 1998 liliuza nakala karibu milioni 5, na la 2019 limeshapita milioni 10. Hata tukisema kila aliyenunua la kwanza alinunua na la pili, bado nusu na zaidi ya wanunuzi hawakuwa wanarudi popote. Hawana kibanda wanachokikumbuka. Anayesema tunauziwa utoto wetu atueleze kijana aliyezaliwa baada ya 2000 ananunua utoto wa nani. Ananunua gemu zuri, basi, lililobuniwa wakati ambapo watu walilazimika kubuni kwa sababu mashine haikuwaruhusu vinginevyo.

Na hata sisi wenye cha kukumbuka, kumbukumbu zetu si za uongo kama tunavyoambiwa. Picha za magemu yale zilichorwa kwa ajili ya televisheni za chogo, ambazo kioo chake huyachanganya madoa ya rangi yaliyo jirani yakawa kivuli laini. Chomeka PlayStation 2 ileile kwenye televisheni bapa ya leo uone: kingo zinakuwa kama meno ya msumeno, na nyuso zinakuwa za mbao. Mtu husema kumbe lilikuwa baya hivi, macho yangu yalinidanganya. Hayakumdanganya, aliona picha nyingine kweli. Ndiyo maana kazi ya kung'arisha, ikifanywa na mwenye kuelewa, naihesabu kuwa kazi ya haki.

Mteja anapunjwa mahali pengine. Kabla mkusanyo ule wa 2021 haujatoka, matoleo ya awali ya magemu yote matatu yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, ili anayetaka San Andreas asiwe na budi kuchukua jipya. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakuwaza kwamba muuza misala mwenyewe angekuja kuukunja mbacha wetu na kuondoka nao. Malalamiko yalipozidi, Rockstar, kampuni yenye magemu hayo, iliomba radhi hadharani na kuyarudisha matoleo ya zamani ya kompyuta, na ilipofika Novemba 2024 sasisho likaleta mwanga na anga zinazokaribia zile za mwanzo. Miaka mitatu kurudisha utusitusi! Wala matoleo hayo ya zamani hayakuwa kamili, kwa sababu tangu 2014 baadhi ya nyimbo za redio zilizokuwa ndani ya San Andreas ya kompyuta zilikwisha kuondolewa, muda wa haki za kuzitumia ulipomalizika.

Tukio hilo si la peke yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ya Marekani ulionyesha kwamba asilimia 87 ya magemu yaliyotolewa nchini humo kabla ya 2010 hayauzwi tena popote kwa njia ya kawaida. Lililobaki ni kutafuta mashine kuukuu, kusafiri hadi kwenye maktaba iliyoyatunza, au kuchukua kopi isiyo halali. Linganisheni na muziki. Hapa Tanga wimbo wa taarabu uliopigwa kwa fidla ukirudiwa leo kwa kinanda cha umeme, hakuna anayepita nyumba kwa nyumba kukusanya kanda za zamani. Redio itaupiga wimbo mpya asubuhi, na jioni katika kipindi cha zilipendwa itaupiga wa kale, na wasikilizaji watabishana wenyewe upi una utamu. Kwa magemu, mabishano hayo yanakatwa kabla hayajaanza, kwa sababu upande mmoja umeondolewa barazani.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo, nalo ni la kazi yenu. Mnapochapisha habari za gemu lililotengenezwa upya, pamoja na kutuambia bei yake na mashine inayolicheza, mtuambie pia kama toleo la zamani bado linauzwa na wapi. Wazazi wanaotoa fedha kwa ajili ya watoto wana haki ya kujua kama wananunua gemu la pili au wananunua gemu pekee lililoachwa sokoni. Na wanaoyatengeneza wakiona kwamba swali hilo linaulizwa hata Tanga, huenda wakalihifadhi japo lile faili la mwisho la kazi yao.

Nikiri jambo moja kabla sijaweka kalamu chini, maana wapo wasomaji watakaonikumbusha. Diski za kibandani kwangu zilikuwa za kuchoma, na mashine zilifungwa chipu ili zizisome. Duka la kuuza diski halisi sikulijua hapa mjini, na kama lingekuwapo nisingeimudu bei. Sijivunii. Ila kwa sababu ya diski hiyo, San Andreas yenye utusitusi wake na nyimbo zake zote bado ninayo. Kati ya mashine tatu imebaki moja, na lenzi yake imechoka, kwa hiyo huwa naigeuza juu chini ndipo ikubali kusoma. Mwezi uliopita mpwa wangu wa miaka 14 aliiendesha pikipiki hadi chini ya Chiliad, akasimama, akanipa pedi akisema kuna kitu kimepita kwenye miti.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga