Barua ya Wazi kwa Ninyi Mliopewa Usimamizi Juzi

Wanangu,

Hongereni. Najua barua ya kupandishwa cheo bado mnaitoa usiku na kuisoma tena. Nami nilifanya hivyo. Nimesimamia watu kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, na yapo yaliyonichelewa ambayo sitaki yawachelewe ninyi.

Mmepandishwa kwa kuwa mlikuwa hodari wa hesabu, wa mauzo au wa ufundi. Kuanzia sasa mtapimwa kwa kazi za mikono ya wengine. Jogoo wa shamba hawiki mjini, na hodari wa jana anaweza kupwaya miezi kadhaa kwenye kiti kipya. Msione haya. Ila msirudi kujificha kwenye kazi ya zamani eti kwa sababu ndiyo mnayoiweza. Mimi nilijificha. Nilikuwa mkuu wa kitengo cha hesabu, na kila ripoti niliyoletewa niliifumua nikaiandika upya, natoka ofisini saa nne usiku nikijiona mchapakazi. Vijana wangu wakaacha kuhakiki kazi zao. Wahakiki ya nini, na mkuu atabadilisha zote?

Jioni moja tukifunga mwaka wa fedha, karani mmoja, binti aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini, alisimama mlangoni kwangu na karatasi aliyoikunja mara nne. "Samahani mkuu," alianza. Nikamjibu bila kutoa macho kwenye kompyuta, "Sasa hivi hapana." Akasema atarudi baadaye. Hakurudi. Ripoti ikaenda kwa wakurugenzi ikiwa na malipo yaliyoingizwa mara mbili, na kosa hilohilo ndilo lililokuwa kwenye ile karatasi. Nilipomuuliza mbona hakusisitiza, alijibu kwa sauti ndogo, "Niliona una haraka."

Msidhani haya ni ya makarani tu. Machi 27, 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani penye ukungu, wakafa watu 583. Ndege moja ilipokuwa inaanza kukimbia ili iruke, mhandisi wake aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu aliyeheshimika sana kazini, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza. Sababu za ajali ile zilikuwa nyingi, lakini ni miongoni mwa ajali zilizofanya marubani waanze kufundishwa kusikiliza walio chini yao, na walio chini wafundishwe kusema. Kama mtu alinyamaza pale, uhai wake mwenyewe ukiwa hatarini, karani wako atathubutuje?

Kwa hiyo mtu akija, inua macho. Akileta habari mbaya, neno la kwanza liwe asante, maswali yafuate. Kikaoni usiulize "mmeelewa?", maana wote wataitikia ndiyo. Uliza, "Tutakwama wapi?" kisha vumilia kimya, hata kikikuchoma. Maoni yako yatoe mwisho. Ukiyatanguliza, wengi watayafuata tu. Ukimpa mtu kazi, mwambie unataka nini, lini, na ni yapi anaruhusiwa kuamua bila kukuuliza, halafu mwachie. Atafanya tofauti na ambavyo ungefanya wewe. Mwache. Akikosea, mrekebishe faraghani, mapema, na mzungumzie alichofanya badala ya jinsi alivyo.

Kuhusu ninyi wenyewe kupanda zaidi, nina machache. Kila mwisho wa mwezi andika kilichobadilika kwa sababu yako, kwa tarakimu, kwa sababu siku ya tathmini kumbukumbu hutoroka. Muulize mkubwa wako waziwazi unapungukiwa nini kwa ngazi inayofuata, na umuulize kabla nafasi haijatangazwa. Tena andaa mtu wa kukalia kiti chako. Wengi huogopa hapo, wakidhani wanajichimbia kaburi. Nimeona wasimamizi wazuri wakirukwa miaka na miaka kwa kuwa hapakuwa na wa kuwaachia kazi.

Yule binti ndiye aliyepokea kitengo nilipohamishwa. Wiki moja baadaye nilipita kuchukua vitu vyangu, nikamkuta ameigeuza ile meza yangu, imeelekea mlangoni.

Mzee wenu