Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Wetu wa Champaran

Ndugu wajumbe wa Mkutano Mkuu,

Mambo ya ada, mahudhurio na fedha yamo kwenye taarifa za katibu na mweka hazina mlizokwisha kugawiwa. Mimi naomba nafasi hii niitumie kwa kazi yenyewe iliyotukusanya: kuisoma wilaya moja ya wakulima mwaka mzima bila kurukaruka. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Champaran, jimbo la Bihar, Kaskazini mwa India, mpakani na Nepal.

Baadhi yenu mliuliza mwanzoni kwa nini twende mbali hivyo. Nimezidi kuamini kwamba tulichagua vizuri. Champaran ni mahali ambapo swali la nani anashika ardhi, na kwa hati gani, limeulizwa kwa vizazi vingi hadharani, likaandikwa kwenye majalada ya serikali, likajibiwa mara moja kwa namna iliyoitikisa India nzima, na mpaka leo bado linaulizwa.

Kwanza mahali penyewe. Champaran ilitengwa na wilaya ya Saran mwaka 1866, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikagawanywa mara mbili: Champaran Mashariki, makao yake Motihari, na Champaran Magharibi, makao yake Bettiah. Sensa ya 2011 ilihesabu watu kama milioni 5.1 upande wa mashariki na milioni 3.9 upande wa magharibi. Lugha ya nyumbani ni Kibhojpuri. Mto Gandak hushuka kutoka milima ya Nepal ukileta rutuba na mafuriko kwa pamoja. Kaskazini kabisa, chini ya vilima, upo msitu wa Valmiki, hifadhi pekee ya chui milia katika Bihar, na kandokando yake wanaishi watu wa kabila la Watharu. Nguzo za mawe za mfalme Ashoka bado zimesimama Lauriya Nandangarh na Areraj, zaidi ya miaka 2,200 baada ya kuchongwa. Tulizipitia haraka, na nadhani ilikuwa sawa, kwa sababu mioyo ya wanachama ilikuwa kwenye mashamba.

Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi.

Mwaka 1793 Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, iliyotawala sehemu hiyo wakati ule, iliwafanya wazamindari kuwa wenye ardhi mbele ya sheria. Kiasi walichotakiwa kulipa serikalini kiliwekwa kisibadilike, na wao wakaachiwa kukusanya kodi kwa wakulima. Sehemu kubwa ya Champaran ilikuwa chini ya mzamindari mmoja mkubwa, ufalme mdogo wa Bettiah. Katika miaka ya 1880 ufalme huo ulielemewa na madeni, ukakopa London, na ili kuupata mkopo ukawapangisha Wazungu wenye viwanda vya nili, rangi ya buluu inayotokana na mmea, vijiji vizima, vingine kwa mikataba isiyo na mwisho. Mtu aliyekuja kununua majani ya nili akawa sasa ndiye anayekusanya kodi ya shamba. Maharaja Harendra Kishore Singh akafariki mwaka 1893 bila mtoto, na mwaka 1897 mali ya Bettiah ikachukuliwa na idara ya serikali iliyosimamia mali za warithi wasioweza kujisimamia. Tazameni mpangilio huo: serikali iliyotakiwa kumlinda mkulima ndiyo iliyokuwa msimamizi wa ardhi anayopangishwa mwenye kiwanda. Mkulima alipokwenda kushtaki, alimshtaki mpangaji kwa mwenye nyumba anayeishi kwa kodi ya mpangaji huyo.

Juu ya hati hizo ndipo uliposimama utaratibu wa tinkathia. Bigha moja ya ardhi ina katha 20. Mkulima alilazimika kupanda nili kwenye katha 3 kati ya hizo. Kiwanda ndicho kilichochagua kipande, na mara nyingi kilichagua kilicho bora. Bei kilipanga kiwanda. Mazao yakikatwa yalilowekwa kwenye matangi, maji yakapigwa mpaka rangi itulie chini, tope likakandamizwa na kukaushwa kuwa vipande vya buluu vya kusafirishwa nje. Zaidi ya hayo zilitozwa kodi za kila jina zisizo na msingi wa sheria.

Kisha ikaja kemia. Mwaka 1897 kampuni ya Kijerumani ya BASF ilianza kuuza nili iliyotengenezwa kiwandani, na soko la nili ya shambani likaporomoka. Katikati ya miaka ya 1890 eneo la nili Champaran lilikaribia ekari 96,000. Kufikia 1914 lilikuwa limebaki kama ekari 8,100. Mtu angetegemea mkulima apumue. Badala yake wenye viwanda waliihamishia hasara kwake. Penye hati ya kudumu walimwondolea mkulima wajibu wa kupanda nili, lakini kwa kumpandishia kodi ya ardhi. Nyongeza hiyo iliitwa sharahbeshi. Penye hati ya muda walidai fedha taslimu, tawan, na asiyekuwa nazo akaandikiwa deni lenye riba. Yaani mkulima alilipia ruhusa ya kuacha zao ambalo mwenye kiwanda mwenyewe hakulitaka tena. Vita vya 1914 vilipoikatiza nili ya Kijerumani, bei ikapanda na mashamba ya nili yakaanza kurudi.

Katika kikao chetu juu ya nili kulikuwa na mvutano juu ya nani aliyeanza kupinga, nami naomba msimamo wangu uingie kwenye kumbukumbu. Mohandas Gandhi hakuikuta Champaran imelala. Wakulima waligoma kulima nili tangu 1867. Mwaka 1907 na 1908 Shaikh Gulab na Sital Rai waliongoza upinzani upande wa Bettiah, Mwislamu na Mhindu wakitembea pamoja. Mwandishi Pir Muhammad Munis aliandika magazetini juu ya mateso ya wakulima. Na alikuwepo Rajkumar Shukla, mkulima aliyemfuata Gandhi kwenye mkutano wa chama cha Congress, Lucknow, Desemba 1916, kisha Calcutta, bila kumwachia mpaka akakubali kuja kujionea. Historia inayowafuta watu hawa haiwatendei haki, na nafurahi kwamba vijana wetu ndio waliolisimamia jambo hili kwa nguvu zaidi.

Gandhi, ambaye mwaka 1893 meli iliyompeleka Afrika Kusini ilipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar, alifika Motihari tarehe 15 Aprili 1917. Kesho yake akapanda tembo kuelekea kijiji cha Jasauli Patti. Njiani akafikiwa na mjumbe wa mkuu wa wilaya: aondoke Champaran. Akakataa. Tarehe 18 akasimama mahakamani Motihari, akakiri kwamba amevunja amri, akaeleza kuwa amefanya hivyo kwa kutii dhamiri, na wala hakuomba apunguziwe adhabu. Hakimu hakuwa na la kufanya isipokuwa kuahirisha hukumu. Baada ya siku chache Luteni Gavana Edward Gait akaamuru kesi ifutwe.

Wengi huishia hapo, kwenye mahakama. Sisi tulikaa zaidi na miezi iliyofuata, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi ya yote. Mawakili wa Bihar, miongoni mwao Brajkishore Prasad na Rajendra Prasad, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa India, waliketi kutwa nzima wakiandika maelezo ya wakulima mmoja mmoja. Kila mtu aliulizwa maswali ya kumbana. Maelezo yasiyothibitika yaliachwa. Askari kanzu aliruhusiwa kuketi na kusikiliza. Yalikusanywa maelfu ya maelezo. Serikali ilipounda tume mwezi Juni chini ya Frank Sly, ikamweka Gandhi kuwa mjumbe, wenye viwanda walikabiliwa na ushahidi uliopimwa, wenye majina, vijiji na viwango vya fedha. Ofisa wa upimaji ardhi wa serikali naye alitoa ushahidi mbele ya tume hiyo.

Tume ilitoa ripoti Oktoba 1917. Tinkathia ifutwe. Sharahbeshi ipunguzwe kwa takriban robo, na kwa kiwanda cha Turkaulia asilimia 20. Robo ya tawan irudishwe. Sheria ya Mashamba ya Champaran ikapitishwa mwaka 1918. Wapo wanachama waliosema robo ni kidogo mno, na nimewaelewa. Fedha zilizobaki hazikurudi. Lakini mwenye kiwanda aliyerudisha hata robo alikuwa amekiri mbele ya kijiji kizima kwamba alichukua isivyo haki, na ndani ya miaka michache wengi wao waliuza na kuondoka. Maoni yangu ni kwamba robo ile ilikuwa na thamani kubwa kuliko tarakimu yake.

Shule zilizofunguliwa majira yale, Barharwa Lakhansen, Bhitiharwa na Madhuban, nazo zisisahaulike. Kasturba Gandhi alikwenda Bhitiharwa kuwafundisha akina mama usafi na afya.

Sura ya miwa iliwagusa sana wenzetu wa Kilombero wanaouza miwa kiwandani, kikao kikaenda mpaka usiku. Mwaka 1932 serikali ya India iliilinda sukari ya ndani kwa ushuru mkubwa wa forodha, na viwanda vikaota kaskazini mwa Bihar. Champaran Magharibi bado ina viwanda vinavyosaga: Narkatiaganj, Harinagar, Bagaha, Majhaulia. Upande wa mashariki, vya Motihari na Chakia vilifungwa, na kile cha Sugauli, pamoja na kile cha Lauriya upande wa magharibi, vikachukuliwa na kampuni tanzu ya shirika la mafuta la serikali, vikitoa sukari pamoja na ethanoli. Muwa ukishakatwa hausubiri. Kila siku inayopita sukari inapungua ndani yake. Kwa hiyo anayegawa zamu za kupeleka miwa kiwandani ameshika maisha ya mkulima. Amri ya mwaka 1966 ya usimamizi wa miwa inataka mkulima alipwe ndani ya siku 14 na, kiwanda kikichelewa, kilipe riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Serikali kuu hutangaza bei ya chini ya kila msimu. Hata hivyo malimbikizo ya madeni ya wakulima yamekuwa kilio cha miaka mingi. Wenzetu waliuliza kama nasi tunaweza kudai kanuni ya siku 14. Nimeona swali hilo lisipotee, nami nalirudisha kwenu chini kidogo.

Uchumi mwingine tuliupitia kwa ufupi: mpunga, ngano, mahindi; mchele wa marcha wa Champaran Magharibi, wenye harufu nzuri, uliopata utambulisho rasmi wa kijiografia mwaka 2023; lango la Raxaul, ambako bidhaa nyingi za Nepal hupita; bomba la mafuta kutoka Motihari hadi Amlekhgunj, lililofunguliwa Septemba 2019. Vijana wengi huondoka kwenda Delhi, Punjab, Mumbai na nchi za Ghuba, na fedha wanazotuma ndizo zinazojenga nyumba za matofali vijijini.

Kuhusu utawala, mkuu wa wilaya bado ni ofisa wa serikali mwenye mamlaka makubwa juu ya ardhi, usalama na maafa. Chini yake Champaran Mashariki ina tarafa 6 na kanda za maendeleo 27. Magharibi tarafa 3 na kanda 18. Chini kabisa zipo halmashauri za vijiji zenye mukhiya, yaani mkuu wa halmashauri, wa kuchaguliwa. Mwaka 2006 Bihar ilikuwa jimbo la kwanza India kutenga nusu ya viti vya halmashauri hizo kwa wanawake. Kamati yetu ya wanawake iliandaa kikao hiki peke yake, na kilikuwa bora kuliko vyote vya mwaka. Hawakukwepa ukweli kwamba mahali pengine mume ndiye anayeendesha ofisi ya mke aliyechaguliwa. Wala hawakukubali kwamba hilo linafuta manufaa ya wale wanawake waliokalia viti vyao wenyewe.

Na ile hati ya Bettiah? Wazamindari walifutwa kwa sheria ya Bihar ya 1950, lakini mali iliyobaki chini ya ile idara ya warithi iliendelea kuwa humo. Novemba 2024 Bunge la Bihar lilipitisha sheria ya kuihamishia serikali ya jimbo mali ya Bettiah, zaidi ya ekari 15,000, nyingi zikiwa Champaran. Juu ya ardhi hiyo kuna nyumba, maduka na mashamba ya watu walioishi hapo kwa vizazi. Mwaka huo huo Bihar ilianza upimaji mpya wa ardhi katika vijiji vyake zaidi ya 45,000, na familia zikaanza kutafuta makaratasi ya babu. Jambo hili tumelifuatilia kwa makini, na tutaendelea hata mwaka wa Champaran ukiisha.

Kamati ya utendaji inaleta mapendekezo matatu. Kwanza, wenzetu wa Kilombero wapewe msaada wa chama kuandika maelezo ya wakulima wa miwa juu ya zamu, mizani na malipo, kwa utaratibu ule wa Motihari: jina, tarehe, kiasi, na kila neno lihakikiwe kabla ya kuwekwa sahihi. Kazi hiyo ianze kabla ya msimu ujao wa kusaga. Pili, kikao cha wanawake kiwe cha kudumu kwenye ratiba, kwa bajeti yake yenyewe. Tatu, wilaya ya mwaka ujao ichaguliwe leo. Yamekuja majina mawili, na katibu atayasoma.

Nawashukuru walioleta vitabu, waliosafiri usiku, na waliotafsiri kurasa za Kiingereza ili asiwepo mwanachama aliyebaki nje ya mazungumzo. Naomba mkutano uipokee taarifa hii na kuijadili, kisha tupige kura kwa pendekezo la kwanza.

Mwenyekiti